Ile 15% yetu iko wapi? Komini ibandike hesabu mlangoni

Ndugu na dada wa Dilala, wa Manika na wa Lualaba nzima,

Kila siku makamyo ya shaba na kobalti yanatoka Kolwezi kuelekea Kasumbalesa. Vumbi inabaki kwetu. Lakini kisheria si vumbi peke yake inayopaswa kubaki.

Sheria ya madini, iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inagawanya redevansi hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15% kwa komini, sekta ao shefri yenye mugodi. Na ile 15% haipiti Kinshasa kwanza. Kampuni inaiweka kwenye konti ya komini yenyewe.

Basi ile hadithi ya "Kinshasa haijatuma" hapa haina nguvu. Mwenye kujibu hayuko mbali: unaweza kufika kwa biro yake kwa miguu.

Ripoti za ITIE zinaonyesha makampuni yamelipa nini. Sisi tunataka upande wa pili: makuta imefanya kazi gani? Darasa ngapi? Bomba ngapi za maji? Kartie gani?

Hatusemi kila mtumishi wa Leta ni mwizi. Wengi wanafanya kazi miaka bila mshahara, ndiyo maana mtu akifuata karatasi anaombwa madesu ya bana. Lakini siri haimlipi mtumishi, wala haimsaidii raia. Inamfaa tu yule anayekula.

Tunaomba vitu viwili. Kila miezi mitatu, komini ibandike mlangoni makuta iliyoingia, kampuni iliyolipa, na matumizi. Pembeni yake ibandike bei ya kila karatasi, na risiti itolewe. Katiba, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Si zawadi ya mukubwa.

Twende watu kumi kumi, kwa amani, na barua. Tusitoke bila mhuri wa kupokea: barua bila mhuri ni ya kufungia vitumbura. Na kama hesabu ni ngumu kusoma, sisi tulio na diplome na hatuna kazi tuko hapa, tutazisoma pamoja, kartie kwa kartie.

Hatutaki matata. Tunataka hesabu.