Rudisheni Magunia, Msirudishe Bei

Najua nimepotea karibu wiki tatu. Mitihani imekwisha, niko likizo nyumbani Madibira, na mtandao wa huku mnaujua wenyewe: ukitaka kutuma kitu cha maana unasogea barabarani na kunyoosha mkono kama unaita daladala. Leo siandiki habari za hosteli wala maharage ya kantini. Naandika jambo linalotugombanisha watu 27 ambao muhula mzima tulikuwa tunakula sahani moja: tumeibiwa, kimebaki kidogo, je, tukigawane vipi?

Kwa wasiojua kisa, ni hivi. Januari wenzetu chuoni walianzisha mchango wa kununua tokeni za jumuiya moja ya sarafu za mtandaoni. (Mama kila akisikia neno tokeni anadhani nazungumzia LUKU. Ananiuliza zinaisha lini.) Kila mtu aliweka alichonacho, wengine bumu lote, na tokeni zote zikakaa kwenye mkoba mmoja wa mtandaoni, hesabu ikaandikwa kwenye daftari. Programu ilikuwa inaongeza tokeni juu ya tokeni kila wiki. Juni mjanja mmoja huko duniani akagundua tundu kwenye programu, akachota. Waanzilishi wakaziba, wakaokoa sehemu, wakatoa tokeni mpya: mwenye 100 za zamani anapewa 40 mpya. Mkoba wetu ulionyesha 10,000, tumepewa 4,000. Wenye jumuiya wamemaliza kazi yao. Mkoba mmoja, mgao mmoja. Watu 27 ni shauri letu.

Sasa wapo wanaosema tugawe kwa salio lililoonekana siku ya wizi. Wengine wanataka tugawe kwa vichwa, kila mtu sawa. Mimi nasema tuangalie kila mtu aliweka ngapi, alishatoa ngapi, na tofauti yake ndiyo iwe kipimo. Natangaza maslahi kabisa: mimi niliweka na sijatoa hata moja, kwa hiyo hesabu hii inanipendelea. Lakini msiikatae kwa sababu hiyo, ikataeni kama ni mbaya.

Chukueni watu wawili, majina nayaficha. Kaka mmoja aliweka tokeni 500 Januari. Aprili akatoa 600, akanunua simu nzuri tu, tukaisifia wote. Kwa nyongeza za kila wiki, siku ya wizi salio lake lilisoma 450. Dada mmoja wa Igurusi aliweka 450 Mei, nyongeza zilikuwa bado hazijaanza kuingia, na siku ya wizi salio lake lilisoma 450 hizo hizo. Kwa hesabu ya salio, kila mmoja anapata 180. Kwa vichwa kila mmoja anapata 148. Yaani aliyekwisha kurudisha mtaji wake na 100 juu anakaa meza moja na ambaye hajaonja kitu! Mimi nikipiga hesabu ya walichoweka kutoa walichotoa, watu wetu wanadai jumla ya tokeni 8,000. Tunazo 4,000. Kila mwenye madai anapata nusu. Dada anapata 225, kaka anapata sifuri, na bado yeye ndiye aliyetoka na faida.

Kaka anasema mimi niliingia mapema, nilithubutu wakati nyie mnaogopa, nyongeza ni haki yangu. Hoja hiyo siidharau, ina uzito. Lakini nyongeza ilitoka wapi? Hakuna aliyelima, hakuna aliyekoboa. Programu iliandika namba, na namba hiyo ilikuwa na thamani kwa sababu kuna watu wa Mei walikuwa wanaingia na pesa halisi. Ghala likiwa limejaa, sawa, kila mtu avune alichoandikiwa. Likiwa nusu tupu, mbegu irudi kwanza kwa waliopanda. Kikibaki ndipo tuzungumze mavuno.

Nimetumia maneno hayo makusudi. Wakubwa zetu mnaikumbuka DECI. Ilianza 2007, ikasambaa nchi nzima, sana sana kupitia makanisani, na lugha yake ilikuwa ya shamba: unapanda mbegu, unasubiri wiki zako, unavuna. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, na mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake wakatiwa hatiani katika mahakama ya Kisutu. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto wa kucheza kwenye majaruba. Lakini nikisoma habari zake leo, kinachonikereketa zaidi ya ile kesi ni jinsi ambavyo maneno kupanda na kuvuna yaliwaficha watu hesabu rahisi. Mavuno ya mpunga yanatoka ardhini na kwenye maji. Mavuno ya pale yalikuwa mbegu ya jirani aliyechelewa. Mchezo kama ule ukikatika, wa kwanza ameshakula na wa mwisho ana risiti. Sasa ukigawa mabaki kwa kuangalia risiti inasomaje, unamlipa wa kwanza mara mbili.

Marekani walipambana na swali hilo hilo kwa mzee mmoja aitwaye Bernard Madoff, aliyekamatwa Desemba 2008. Wateja wake walikuwa wanapokea karatasi za mwisho wa mwezi zenye faida nono, zote za kutunga. Wakati wa kugawa mabaki, wengi wakadai walipwe kilichoandikwa kwenye karatasi ya mwisho. Msimamizi wa mali akakataa, akasema nahesabu ulichoweka kutoa ulichotoa, basi. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono. Tena akaenda mbele zaidi, akawadai waliotoa kuliko walivyoweka warudishe. Mimi huko sifiki, simu ya kaka abaki nayo. Ila asiongezewe.

Juzi nikamsimulia baba mdogo. Yeye ana mpunga kwenye skimu, na sarafu za mtandaoni hazijui kabisa. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Sasa mwanangu, huyo mwizi aliiba magunia ya nani?" Nikamwambia hayakuwa na alama, baba. "Basi kaiba ya wote. Mngekuwa mmeyaandika majina, ningekwambia kila mtu na lake."

Swali hilo ndilo lililowasumbua Bitfinex, soko la sarafu za mtandaoni, Agosti 2016. Waliibiwa Bitcoin 119,756. Mikoba ya wateja huko ilikuwa imetenganishwa, wengine wakaguswa na wengine hawakuguswa. Wenye soko wakaamua kumkata kila mteja karibu asilimia 36, hata ambaye alikuwa na dola tupu na hana Bitcoin hata chembe. Kwa kila dola iliyokatwa wakampa tokeni moja iitwayo BFX, kama hati ya deni. Watu walipiga kelele, na ningekuwa mwenye dola na mimi ningepiga. Lakini angalau soko halikufungwa, na kufikia Aprili 2017 tokeni zote zilikuwa zimekombolewa kwa dola moja moja au kubadilishwa kuwa hisa. Walioumia kweli ni waliokuwa na njaa. Mwanzoni BFX iliuzwa sokoni kwa bei ya chini mno ya dola, na mwenye ada ya mtoto au deni la benki hakuweza kusubiri. Aliyenunua kwake akalipwa dola kamili. Hapa kwetu hili halihitaji kufundishwa. Ni yule anayeuza mpunga ungali shambani, haujaiva, kwa sababu mtoto anaumwa, halafu anaangalia mnunuzi akipakia lumbesa.

Ndiyo maana kwenye kikao nitasema pia kwamba mtu asiuziwe wala kununuliwa fungu lake ndani ya kundi kabla mgao haujafungwa. Tayari kuna mmoja anapita anatoa elfu ishirini ishirini kwa wenye shida. Anajijua.

Halafu kuna suala la bei, na hapa ndipo wengi wetu, hata wa kozi za biashara, wanapotea. Mhasibu wetu anataka tuuze tokeni zote 4,000 leo, halafu tugawane shilingi kwa bei ya siku tulipoibiwa. Mt. Gox walipita njia inayofanana na hiyo. Soko hilo la Tokyo lilianguka Februari 2014, likisema limepoteza Bitcoin kama 850,000, halafu 200,000 zikapatikana kwenye mkoba wa zamani. Kwa sheria ya kufilisi ya Japani, madai ya kila mtu yaligeuzwa kuwa yen, kwa bei ya Aprili 2014, kama yen 50,000 kwa Bitcoin moja. Mwishoni mwa 2017 Bitcoin ikakaribia dola 20,000. Ghafla mabaki yale yale yakawa yanatosha kulipa madai yote kwa bei ya zamani na chenji nyingi ikabaki, na kisheria chenji hiyo ilielekea kwa wenye hisa wa soko lenyewe! Wadai wakapigana mpaka Juni 2018 mahakama ikabadilisha utaratibu ili waweze kurudishiwa Bitcoin zenyewe. Malipo yakaanza Julai 2024. Miaka kumi jamani.

FTX iliyofilisika Novemba 2022 ikafanya vile vile. Madai yakahesabiwa kwa bei ya siku ya kufilisika, Bitcoin ikiwa chini ya dola 17,000. Malipo yalipoanza Februari 2025 ilikuwa imevuka 90,000. Wengi wakaambiwa mmelipwa zaidi ya asilimia 100. Kwa dola, kweli. Kwa kile walichokuwa nacho, hapana.

Mtu wa Madibira haelewi vibaya hapa. Mwizi akichukua gunia langu Julai, wakati mpunga umejaa kila uwanja na bei iko chini, halafu ukaja Januari na pesa ya Julai, hujanirudishia gunia. Umeninunulia kwa bei ya wizi. Na bei ikishuka pia nibaki na gunia langu, nisije kulia kwako. Kwa hiyo tugawe tokeni, kila mtu na mkoba wake. Anayetaka kuuza leo auze, anayetaka kulala nazo alale nazo.

Kwenye kugawa kwa vichwa sitakaa sana. Linasikika la kidugu, la ujamaa, lakini orodha yoyote ya mgao kwa vichwa nchi hii huota vichwa. Tayari daftarini kwetu kuna mwenzetu mwenye majina manne, matatu ni wadogo zake, mmoja yuko darasa la pili.

Ila wanaosema vichwa wana kitu wanachokishika ambacho sitaki kipotee: kwamba laki moja ya mtoto wa mkulima si sawa na laki moja ya mtu ambaye baba yake ana maduka. Mabenki wana namna yao. Januari 2018 Benki Kuu ilipozifunga benki tano, mojawapo ikiwa Benki ya Wananchi Njombe, hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, bima ya amana ilimlipa kila mwenye akaunti mpaka kikomo cha milioni 1.5 kwanza, wenye zaidi wakasubiri ufilisi. Mdogo kwanza. Sisi kinga hiyo hatuna. Sheria ya fedha ya 2024 imeweka kodi ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali, kwa hiyo serikali inatutambua tukipata. Tukiibiwa ni mimi na wewe na daftari.

Basi pendekezo langu ni kwamba wote waliotoa sawa au zaidi ya walivyoweka wakae pembeni kwanza. Waliobaki wapewe nusu ya madai yao, kwa tokeni, siku moja, wote kwa pamoja. Wale watatu walioweka bumu lote wakakosa ada waruhusiwe kuchukua zao siku mbili kabla, waziuze wakalipe chuo. Na hilo la mwisho lipigiwe kura, kwa sababu siyo hesabu, ni huruma, na huruma huwezi kumlazimisha mtu. Wenye majina mengi wahesabiwe mtu mmoja. Hiyo haihitaji kura.

Kaka wa tokeni 600 kanipigia jana usiku. Anasema nikimtoa kwenye mgao atajitoa na kwenye kundi la kusomea, na yeye ndiye mwenye noti za takwimu. Nimemwambia aje kikaoni Jumamosi aseme mbele za watu, na aje na hesabu zake za alichoweka na alichotoa, mimi nitakuja na daftari. Dada wa Igurusi hajapiga simu. Ameandika tu kuuliza kama kikao kitakuwa Rujewa au kwingine, apate kujua nauli.