Chupa Iliyo Chini ya Kiti cha Shofere

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Tazama chini ya kiti cha shofere katika pikapu zinazobeba watu wa kazi hapa Kalemie. Mara nyingi utakuta chupa ya plastiki, ya maji au ya limonadi, yenye mafuta ya freni nusu. Muulize shofere ni ya nini. Atakujibu bila wasiwasi: «Ni ya ambreyaji. Inakunywa kidogo.»

Ambreyaji hainywi. Wenzetu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wanaiita klachi, na ya kwao nayo hainywi. Kama mafuta yanapungua, yanatoka mahali fulani, na mahali pale panaonekana kwa mtu anayetaka kupaona. Maoni yetu ni kwamba chupa ile iondolewe, kwa sababu ndiyo inayomfanya shofere aishi na ugonjwa mwezi mzima na kuuita afya.

Fahamu kwanza namna chombo hiki kinavyofanya kazi. Unapokanyaga pedali, unasukuma pompa ya juu. Pompa hiyo inasukuma mafuta ndani ya mrija wa chuma, kisha katika mrija wa mpira, mpaka pompa ya chini iliyo kwenye bwati ya vitesi. Pompa ya chini ndiyo inayotenganisha mota na magurudumu. Njia yote imefungwa. Kwa freni, vitambaa vikilika, mafuta hushuka kidogo katika kopo lake, na hilo si ajabu. Kwa ambreyaji sivyo: diski ikilika, mafuta hayashuki kwa sababu hiyo. Basi yakishuka, kuna uvujaji.

Utasema: hata ambreyaji ikikatika njiani, freni zipo, nani atakufa? Sikiliza. Gari limesimama mbele ya kizuizi, mota inawaka, shofere ameingiza vitesi ya kwanza na mguu uko juu ya pedali. Mlinzi anapita mbele ya gari ili afungue. Hewa imeingia katika mrija, au kikombe cha mpira ndani ya pompa kimechoka. Pedali inazama polepole, mota inashika magurudumu, gari linaruka. Ni mita moja tu, lakini mlinzi yuko katika mita ile. Fikiri pia mteremko wa njia ya Bendera wakati wa mvua, watu kumi wamekaa nyuma, na shofere hawezi kurudi katika vitesi ndogo. Tena katika motokari nyingi za siku hizi ambreyaji na freni zinakunywesha kutoka kopo moja. Kopo hilo limetengenezwa ili freni zibakiwe na sehemu yao, lakini tusijenge maisha ya watu juu ya sehemu iliyobaki.

Kutafuta uvujaji si kazi ya uchawi. Zima mota, ondoa ufunguo, weka mkono wa vitesi katikati, funga freni ya mkono, tia kabari kwenye magurudumu. Anza ndani: pitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingia katika ukuta wa gari. Kukiwa na unyevu, au rangi imebambuka, pompa ya juu ndiyo mgonjwa. Kama ni pakavu, fuata mrija wote kwa macho na kitambaa safi, hasa pale unaposuguana na chuma kingine, na pale mpira unapokunjika. Kisha pompa ya chini. Katika Toyota Hilux na Land Cruiser tulizozizoea iko nje, ubavuni mwa bwati. Inua kifuniko chake cha mpira kidogo, na kama mafuta yanatiririka, jibu umelipata. Mwenzako akanyage pedali mara kadhaa nawe ukitazama, lakini usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Kuna gari ambazo pompa ya chini imefichwa ndani, kuzunguka mhimili wa bwati. Hapo utaona tone linaanguka chini pale mota na bwati zinapoungana, na bwati lazima ishushwe. Ni kazi ndefu, na ndiyo sababu watu wanaipenda chupa.

Tone lenyewe ni mafuta gani? Litie katika kikombe cha maji. Mafuta ya mota yataelea juu. Mafuta ya kawaida ya freni yatayeyuka na kupotea.

Kuhusu matengenezo tunasema machache, maana fundi wa garaji anaijua kazi yake akiachiwa muda na vipuri. Mrija uliotoboka hubadilishwa. Haufungwi kwa kamba ya chambrea na waya, kwa sababu mguu wako unatia ndani yake nguvu ambayo kamba ile haiwezi kuizuia. Pompa ikiwa na kutu au mikwaruzo ndani, vikombe vipya vya mpira vitakatika tena; badilisha pompa nzima. Usioshe vikombe hivyo kwa petroli wala mazuti, na usijaze mafuta ya mota au maji ya sabuni hata kama umekwama porini: mafuta ya mota huvimbisha mpira, na maji huleta kutu. Mwishowe toa hewa yote kwa skurubu ya pompa ya chini, kopo la juu lisiishe hata mara moja, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Tunajua shofere aendaye Nyunzu au Manono atalalamika: «Mnataka nisafiri mikono mitupu?» Hapana. Achukue kopo jipya, lililofungwa, ndani ya sanduku la vyombo. Akilifungua, aandike katika daftari la gari siku na kipimo, na gari likirudi liingie garaji kabla ya kubeba watu tena. Na shefu anayesema «ongeza tu, twende» atie saini yake katika daftari lile. Tunaamini wengi wataikataa kalamu.

Mafuta ya freni yaliyofunguliwa yanavuta maji kutoka hewani. Aina ya DOT 3 iliyo mpya inachemka kwa digrii 205. Ikiisha kuvuta maji inaweza kuchemka kwa digrii 140 tu. Chupa iliyozungushwa miezi sita katika joto la ziwa, kizibo kikiwa kimelegea, haifai tena kitu.

Na hapa, mama, ni kwako pia. Chupa ile inashuka pamoja na shofere na kuingia nyumbani. Rangi yake ni kama ya limonadi, na mara nyingi ndani yake mna sumu za jamaa ya glikoli. Mwaka 2022 huko Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo baada ya kunyweshwa dawa za kikohozi zilizochafuliwa na sumu za jamaa hiyo. Mtoto akimeza, usimtapishe, wala usingoje aonekane mgonjwa: anaweza kulewa kidogo, akapata nafuu, kisha figo zikazimika siku moja mpaka tatu baadaye. Mpeleke hospitalini saa ile ile, na chupa uichukue ili daktari aione. Yakiingia machoni, osha kwa maji safi dakika 15.

Mafuta yaliyokwisha tumika yarudishwe garaji, katika bidoni iliyoandikwa jina. Yasimwagwe mferejini, kwa maana mifereji yetu inashuka ziwani. Chupa tupu itobolewe kabla ya kutupwa, isije ikaokotwa na kutiwa maji ya kunywa.