Buni katika Samli, Siri katika Nyumba

Waborana wa Waso, ambao serikali ya kikoloni iliwatoa pande za Wajir ikawaleta Isiolo katika miaka ya 1930, walisilimu taratibu kwa ujirani na Wasomali, na leo kijiji kizima cha Korbesa, huko Isiolo, chahesabika kuwa cha Kiislamu. Hata hivyo zimo nyumba ambamo mama mtu mzima huchukua buni zenye maganda, akazing'ata ncha moja moja, akazikaanga katika samli mpaka zikapasuka, kisha akawagawia waliohudhuria huku akiwaombea mvua, mifugo na uzazi kwa lugha ya wazee wake waliotoka Ethiopia.

Mwulize hadharani, atakana. Mwulize faraghani, chai ya maziwa ikishamiminwa mara ya pili, naye atakiri, na pengine ataongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata ngoma za ayyana, zile za pepo, amewahi kuzihudhuria. Wala si ajabu: watu ambao vita vya Shifta vya kaskazini mwa Kenya, 1963 hadi 1967, viliwamalizia mifugo na kuwatia kambini, walijifunza kusitiri mengi zaidi ya buni.

Mimi, kwa rai yangu, naona masheikh wetu vijana wanakosea wanapoyakemea yote kwa mkupuo mmoja. Mintarafu ya pepo wana hoja, nami siwapingi. Ama dua iliyoanza kwa Bismillahi, ikasomwa juu ya kibuyu cha samli na mama asiyepitwa na saumu, sharti wathibitishe uharamu wake kabla ya kumtia mtu haya nyumbani mwake.