Tumheshimu Jaji Marshall kwa Kufungua Mlango Wetu



Jaji Thurgood Marshall wa Marekani alifariki mwaka 1993. Jina lake likitajwa katika hotuba, sote twapiga makofi. Lakini kumsifu marehemu ni rahisi, hakutugharimu hata senti. Kumfuata ndiyo kazi.

Marshall alizaliwa Baltimore mwaka 1908. Baba yake alifanya kazi katika reli, na yeye mwenyewe alipokuwa kijana aliwaandalia abiria chakula ndani ya gari la moshi. Akasoma sheria, akawa wakili. Mwaka 1939 aliwashinda wakubwa wa elimu wa Anne Arundel, Maryland, waliokuwa wakimlipa mwalimu mweusi mshahara mdogo kuliko mwalimu mweupe kwa kazi ile ile. Mwaka 1954 alishinda kesi iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za serikali. Mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama iliyo juu ya zote Marekani, akakaa humo mpaka mwaka 1991.

Wako wasemao kwamba mtu wa sheria asitie mkono katika siasa. Je, sheria iliyomfukuza mtoto mlangoni pa shule kwa ajili ya rangi yake, hiyo haikuwa siasa? Siasa ilimfuata mtu mweusi hata kwenye benchi la kituo cha reli. Marshall hakuileta, aliikuta.

Sisi wa Kenya tuna sababu ya kumkumbuka. Mwaka 1960 Bwana Tom Mboya, Katibu Mkuu wa KFL, alimwita awe mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba huko London. Marshall aliandika mapendekezo ya haki za raia. Naye hakuandika haki za Mwafrika peke yake. Aliweka ulinzi kwa kila mtu, hata kwa Mzungu na Mhindi, waliokuwa wachache. Alijua kwamba haki ya wengi tu si haki, ni zamu ya kuonea.

Basi sikilizeni jambo ambalo wasifu wake hawapendi kulisema katika majumba ya vyama. Wakati wa vita kuu ya pili, wafanya kazi weusi wa kiwanda cha meli cha Marinship, karibu na San Francisco, walilazimishwa na chama cha mafundi wa boila kujiunga na tawi la pembeni. Ada walitoa. Kura hawakupewa. Waliokataa wakapoteza kazi. Marshall alikuwa miongoni mwa mawakili wao, na mwisho wa mwaka 1944 korti kuu ya California ikaamua kwamba chama chenye kushika mlango wa kazi hakiwezi kumfungia mtu mlango wa chama kwa sababu ya rangi yake.

Mshtakiwa hapo hakuwa tajiri peke yake, ndugu zangu. Chama cha wafanya kazi nacho kilishtakiwa!

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tajiri akitubagua twagoma. Je, katika tawi lako kibarua anayekatwa ada kila mwezi anapiga kura? Mama afagiaye kiwandani akisimama mkutanini, anasikilizwa au anachekwa? Mtu wa kabila lenye watu wachache hapo kazini, je, kesi yake inafika kwa meneja upesi kama ya jamaa ya mwenyekiti?

Wengine watajibu kwamba maswali haya yavunja umoja. Sivyo. Umoja huvunjwa na yule anayechukua fedha ya mtu na kumnyima sauti. Siku ya mgomo mtu huyo hatatoka nje nasi, na hatutakuwa na neno la kumlaumu.

Katika mkutano ujao wa tawi, simama umtake katibu asome majina ya wote wanaokatwa ada, kisha asome majina ya wenye kura. Hesabu zikipishana, msiondoke mpaka zimesawazishwa. Hiyo ndiyo heshima ya Jaji Marshall.