Ngiri ya Tumbo na Haya za Mama

Enyi mama zetu, ngiri si maradhi ya wanaume pekee. Penye kovu la upasuaji wa uzazi, misuli yaweza kuachana, utumbo ukatokeza chini ya ngozi. Mkaja hulibana tumbo, lakini hauzibi tundu. Dawa yake ni upasuaji: tabibu huurejesha utumbo, huiunganisha misuli, na tundu likiwa kubwa huitia nguvu kwa wavu maalumu. Uvimbe ukikataa kurudi ndani, ukauma na kuleta matapishi, msingoje kuche; utumbo ulionyongwa huoza.

Haya ni pambo la Muislamu, lakini sheria yaruhusu kujifunua kwa tabibu kwa kadiri ya haja, na tabibu mwanamke akipatikana ndiye atangulizwaye. Nanyi waume, wapelekeni wake zenu kabla hawajaomba.