Mkono Uliomeza Mkondo

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba ruhusa yenu niingie katika uwanja usio wangu, uwanja wa kompyuta. Naahidi kwamba nitatoka humo nikiwa bado mwalimu wa Kiswahili.

Tangu nistaafu, nimekuwa nikichapa mashairi ya wanafunzi wangu wa zamani kutoka katika madaftari yaliyokuwa yameanza kuliwa na mchwa. Kila shairi nililiwekea faili lake, na kila faili nikalipa jina la shairi lenyewe: Neno, Wimbo, Ndoto, Upendo, Kioo, Mkono, Mkondo. Mwishoni mwa kila jina palikuwa na mkia wa nukta na herufi tatu, yaani .doc, ambao huijulisha kompyuta kuwa faili ni la aina gani. Nilipotaka kupata orodha safi ya mashairi kwa ajili ya diwani, mikia hiyo ilinikera. Kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo, akajitolea kuikata yote kwa skripti fupi aliyoiandika kwa lugha ya Python.

Kazi ilikwisha kufumba na kufumbua. Nilipotazama orodha, nikakuta Nen, Wimb, Ndot na Upen. Kioo kilikuwa kimebaki Ki, kiambishi cha ngeli kilichopokonywa nomino yake. Na mahali pa Mkono na Mkondo palikuwa na jina moja tu: Mkon.

Nilimwomba kijana anieleze kilichotokea, naye, kwa unyofu uliomstahi, akanieleza. Alikuwa ametumia amri iitwayo rstrip, akaipa alama za .doc ili iziondoe. Amri hiyo haizisomi alama hizo kama kitu kimoja. Huziona kama kapu lenye alama nne: nukta, d, o na c. Huanzia mwisho wa jina na kuondoa kila alama iliyomo kapuni, kwa mpangilio wowote, wala haisimami mpaka ikutane na alama isiyokuwamo. Katika Wimbo.doc iliondoa c, ikaondoa o, ikaondoa d, ikaondoa nukta, kisha ikaendelea na o ya wimbo mpaka b ilipoizuia. Katika Upendo ilikula o na d pia. Mkondo ukapoteza herufi mbili, Mkono ukapoteza moja, na yote miwili ikawa Mkon. Kompyuta ya kijana inaendeshwa kwa Linux, na huko skripti ya namna hiyo ikilipa faili jina ambalo tayari ni la faili jingine, faili la kwanza hufutwa bila onyo. Mkondo ulitangulia kubadilishwa jina. Mkono ukafuata, ukaumeza.

Simlaumu kijana, wala siilaumu Python, kwa maana maelezo ya amri hiyo yanasema wazi inafanya nini. Ninalotaka kulisema ni jingine. Kijana aliniambia kwamba aliijaribu skripti yake kwanza kwa mafaili yake mwenyewe, yenye majina ya Kiingereza kama report, letter na budget, na yote yalitoka salama. Bila shaka yalitoka salama, kwa kuwa hakuna hata moja linaloishia kwa d, o au c. Angekuwa na faili liitwalo record, angeona herufi yake ya mwisho ikitoweka. Lakini kosa ambalo katika majina yake lilijificha, katika yetu lilijitokeza mara moja. Maneno yetu ya asili huishia kwa irabu, na o ni mojawapo ya irabu tano tulizo nazo. Zaidi ya hayo, o ndiyo tunayoitumia kuundia nomino kutokana na vitenzi: nena hutupa neno, imba hutupa wimbo, penda hutupa upendo, ota hutupa ndoto. Kwa bahati mbaya, mashairi hupenda sana kuitwa kwa nomino za namna hiyo.

Kwa hiyo rai yangu ya kwanza ni kwamba chombo kitakachotumika kwa Kiswahili kijaribiwe kwa Kiswahili. Wako watakaosema kuwa dawa ni kuyapa mafaili yetu majina ya Kiingereza. Naikataa dawa hiyo. Shairi liitwalo Upendo lina haki ya kuhifadhiwa kwa jina la Upendo.

Rai ya pili inahusu darasa letu la sarufi. Kosa la skripti ile nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu katika maisha yangu yote ya kazi. Unamfundisha mwanafunzi kwamba pikia ni kauli ya kutendea ya pika, naye anaelewa. Kesho yake anakutana na kimbia, anakata mwisho wake kwa kisu kilekile, na anakuandikia kuwa kitenzi chake cha msingi ni kimba. Ameona herufi zinazofanana, akadhani ameona kiambishi. Kiambishi si rundo la herufi zilizokaa mwishoni. Ni kipashio kizima chenye kazi yake, na anayetaka kukiondoa sharti ajue kwanza shina linaishia wapi.

Waundaji wa Python wenyewe walilitambua jambo hilo. Toleo la 3.9, lililotoka mwaka 2020, lilileta amri iitwayo removesuffix, na sababu mojawapo ni kwamba watu wengi walikuwa wakiteleza palepale alipoteleza kijana wetu. Amri hiyo huondoa .doc ikiwa nzima na ikiwa mwishoni. Isipoikuta, huliacha jina kama lilivyo. Ipo pia splitext, inayokata penye nukta ya mwisho, nayo huwafaa wenye mafaili ya mikia mbalimbali. Lakini nayo inataka uangalifu. Ukiipa jina lisilo na mkia, kama Barua ya 12.4.1998, itadhani .1998 ndio mkia na itakurudishia Barua ya 12.4. Na anayekata penye nukta ya kwanza atabaki na Barua ya 12 tu. Hata kisu kizuri, basi, humtegemea anayelijua jina lenyewe. Ndiyo maana nasema kwamba kijana anayejifunza kuandika programu asiliage somo la Kiswahili mapema, na sisi walimu wa lugha tusidhani kuwa mambo hayo hayatuhusu.

Sehemu yangu ya lawama naibeba. Nilikuwa nahitaji orodha tu, na orodha ingeweza kutengenezwa pembeni bila kuligusa jina la faili hata moja. Tena sikuweka nakala. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Shairi la Mkondo liliandikwa na binti wa kidato cha tatu, juu ya mto aliouvuka kila asubuhi akienda shuleni. Lilikuwa na beti saba. Daftari lake nililichoma baada ya kulichapa, kwa kuwa mchwa walikuwa wamelimaliza. Nimebaki na beti mbili kichwani, na sina hakika na vina vya ubeti wa pili. Ikiwa aliyelitunga, au yeyote aliyesoma naye na kulinakili, anasoma maneno haya, namwomba anitumie. Nitalihifadhi kwa jina lake kamili, pamoja na mkia wake.