Simu Iliyofungwa ni Pingu kwa Mkulima

Simu zilizokwisha kutumika ng'ambo huuzwa kote nchini, na Bariadi haikukosa fungu lake. Miongoni mwake zimo zilizofungwa na makampuni ya huko ili zisipokee laini ya kampuni nyingine yoyote. Mkulima wa pamba hutoa fedha ya msimu mzima, akatia laini yake, akakuta simu inadai namba ya siri asiyoijua. Hapo humwendea fundi, na fedha ya pili humtoka.

Wako wanaosema kosa ni la mnunuzi, kwamba angeuliza kwanza. Hiyo ni hoja ya mlanguzi, si hoja ya haki. Pamba inapopimwa Itilima au Meatu, mkulima haambiwi ajikagulie mizani. Wakala wa Vipimo ndio huikagua, kwa kuwa Serikali inatambua kwamba mwenye mizani na mwenye pamba hawalingani nguvu. Mwenye duka na mkulima nao hawalingani.

Wala jambo hili si dogo. Simu ndiyo benki ya mwanakijiji. Aidha, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku ili minara ijengwe vijijini ambako makampuni hayaoni faida. Pengine mnara unaofika kijijini ni wa kampuni moja tu. Simu isiyokubali laini ya kampuni hiyo ni kipande cha bati chini ya mnara uliogharimiwa na umma.

Isisemwe kwamba haiwezekani. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2017, na Uingereza ikafanya hivyo Desemba 2021. Ikiwa nchi za kibepari zimewakemea wafanyabiashara wao, kwa nini mkulima wa Simiyu aachiwe makombo yao?

Tanzania nayo imewahi kuchukua hatua. Tarehe 17 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia. Hatua ile ilikuwa ya haki, lakini aliyebaki na simu iliyokufa ni mnunuzi. Muuzaji alikwisha tia fedha kibindoni. Fundisho ni kwamba ukaguzi uanzie bandarini na dukani, usingojee mfukoni mwa mnyonge.

Basi iwe sharti kila simu iuzwe ikiwa imefunguliwa, risiti ithibitishe kwamba inapokea laini zote na masafa ya mitandao ya nchini, na muuzaji atakayekiuka arudishe fedha.

Watumishi wa umma na walimu wasingoje waraka. Wawaeleze wananchi kwamba kubonyeza *#06# na kuhakiki namba ya simu hufichua ubandia, lakini hakufichui kufuli. Dawa ya kufuli ni kujaribu laini za makampuni mawili kabla ya kulipa. Elimu hiyo haina gharama, na kila mwalimu aliye kijijini anaweza kuitoa.

Mkulima aliyetoka jasho shambani anastahili chombo kinachomtumikia, si kinachomtumikisha.